Bastola za Mbio Kutoka Jinjiang

Wadogo zangu mnaoshuka Guangzhou na begi moja na namba ya simu ya mtu mliyeambiwa atawapokea, nisikilizeni kidogo. Najua mmekuja kutafuta nguo za soko la Zhanqian, simu, taa, vipuri. Hakuna kati yenu aliyepanda ndege akiwaza kwamba siku moja atasimama mbele ya askari akiwa amebeba boksi la bastola. Na mimi sikuwaza. Lakini kazi ya kusindikiza mizigo haikuulizi ulikuwa unawaza nini.

Mwaka huu nimeiacha. Wenzangu wa Sanyuanli, mtaa wetu hapa Guangzhou, wananicheka, wanasema mtu wa miaka arobaini na kitu hastaafu, anapumzika tu. Nawajibu kwamba mgongo wangu umestaafu, nami nimeamua kuufuata. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kukaa kiti cha mbele, pembeni ya dereva, kutoka mlango wa kiwanda mpaka mlango wa ghala, nikiwa ndiye mtu wa kujibu endapo mtu yeyote njiani atauliza, "Humu mna nini?" Wateja wangu walikuwa Watanzania, Wakenya, Wakongo, yeyote aliyekuwa na mzigo ambao kampuni za vifurushi zimeukataa.

Na mizigo inayokataliwa ina tabia yake. Mara nyingi ni kitu halali kabisa chenye sura mbaya. Bastola za maji za watoto. Pinde za kulengea shabaha. Visu vya bucha. Vifaa vya mafundi vya kumwaga gundi, ambavyo kwenye eksirei vinaonekana kama vinataka kuiba benki. Silaha ya kweli sijawahi kuigusa hapa, wala nisingethubutu. China raia hana bunduki, na hata kitu cha kuchezea kinachofanana mno na bunduki kinaweza kukuweka pabaya. Kwa hiyo elewa mapema: ufundi wangu haukuwa kupitisha kitu. Ufundi wangu ulikuwa kukifanya kitu halali kionekane halali, kwa mtu aliyechoka, anayekiona kwa mara ya kwanza, na ambaye hakujui wewe.

Nilijifunza kwa kuchekwa.

Mteja mmoja Mkongo alitaka bastola za maji kutoka mji wa pwani hukohuko Guangdong, jimbo letu la Guangzhou, mji ambao kazi yake ni vitu vya kuchezea watoto. Nikaenda kwa basi, nikanunua, nikafunga. Nilifunga kama tulivyozoea Kariakoo: mfuko mweusi, juu yake mfuko wa salfeti, juu yake selotepu, na juu ya selotepu, selotepu. Mzigo ulipopita kwenye mashine ya stendi, mlinzi akaona umbo la bastola, tena nyingi, zimelaliana kama dagaa. Wakaniweka pembeni. Shida haikuwa bastola. Shida ilikuwa selotepu. Walinzi walipokezana mkasi. Mkasi ukavunjika, ukaletwa kisu cha jikoni. Abiria wakakusanyika, wengine wakanipiga picha. Ilipofika zamu ya kuona kilichomo, ikatoka bastola ya kijani na njano yenye picha ya bata. Mlinzi mkubwa akaijaza maji kutoka kwenye birika lake, akampiga mwenzake shingoni, watu wote wakacheka, na basi langu likaondoka bila mimi.

Nilikuwa nje ya stendi naokota selotepu aliponijia mzee mmoja dereva wa vani, mfupi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Jina lake Liao. Sisi tulikuja kumwita Mzee Liao, ingawa wakati ule hakuwa mzee sana. Alinitazama akauliza:

"Mzigo wako umefanya kosa gani?"

"Haujafanya kosa."

"Basi mbona umeufunga mdomo?"

Akanirudisha Guangzhou na bastola zangu za bata, na tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Sikumlipa ada. Alichotaka ni mtu wa kumsikiliza akilalamika kuhusu mkwewe.

Somo lake la kwanza lilikuwa mahali pa kuweka mzigo. Sisi tunaficha kitu cha thamani chini kabisa, katikati, nyuma ya mablanketi. Mzee Liao alikuwa anageuza. Kile ambacho askari atashtuka akikiona, kinakaa mlangoni kwa nyuma, usawa wa kifua, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwenye boksi linalofunguka kwa mkono mmoja. Betri zake zinakaa kwenye boksi jingine, mbali. Karatasi za kiwanda zinakaa juu ya dashibodi, hadharani, na si kwenye droo ya gari, kwa sababu hutaki kuonekana unaingiza mkono ndani ya droo wakati mtu anakuuliza kuhusu bastola. Na ukisimamishwa, unaanza wewe kusema. Alikuwa akinifundisha tukiwa barabarani:

"Mimi askari. Salamu. Sasa?"

"Nasubiri uniulize."

"Umeshachelewa! Nikikuuliza, unajibu. Anayejibu ana sura ya mtu aliyekamatwa. Wewe eleza. Anayeeleza ana sura ya mwenye duka."

Jambo la pili lilikuwa majimbo. Mtu akisikia China anadhani ni nyumba moja. Sheria kubwa ni moja, kweli, lakini kila jimbo lina namna yake ya kukagua, na kila kituo kina bosi wake. Mzee Liao hakutoka kiwandani kabla ya kupiga simu kule anakoingia. Alikuwa akisema ruhusa ya unakotoka inakusindikiza mpaka mpakani tu, baada ya hapo unatembea peke yako.

Nina binamu yangu anayeishi Amerika, mtu wa kuwinda kulungu wakati wa msimu. Siku moja kwa simu nilimweleza haya, akacheka sana. Akaniambia kule kwao bunduki ya kweli inaruhusiwa, lakini akivuka nayo kwa gari kutoka jimbo moja kwenda jingine, anaitoa risasi, anaifungia ndani ya sanduku lenye kufuli, analiweka buti, mbali na mkono wa dereva, risasi nazo kwingine. Na kabla ya safari anasoma sheria za kila jimbo atakalopita, kwa sababu kinachomfanya mwindaji upande huu kinaweza kumfanya mhalifu upande ule. "Na askari akinisimamisha," akasema, "namwambia palepale, mikono ikiwa juu ya usukani." Nikamwambia Mzee Liao. Akaitikia kwa kichwa kama aliyesifiwa, akasema huyo binamu yako amelelewa vizuri.

Sasa niwaambie kuhusu Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni mzaliwa wa Unguja mwenye duka la vifaa vya michezo Kariakoo. Mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, baibui jeusi, raba nyeupe za kukimbilia chini yake, sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara. Alikuja wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou akiwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: kuleta vifaa vya mashindano ya shule za mikoa kadhaa. Mipira, jezi, filimbi, vijiti vya kupokezana, saa za kupimia mbio. Na bastola za kuanzishia mbio.

Hizo bastola ndizo zilizomkosesha usingizi. Wakubwa waliompa kazi walimwambia wazi kwamba vifaa vyote vifike kwa kontena moja, la sivyo mwakani watampa mtu wa Dubai. Lakini yeye alikuwa na sababu yake zaidi ya hiyo. Tulipokuwa tunakula wali kwenye mgahawa wa Waislamu karibu na ghala, alinieleza.

"Mie nimekimbia skuli, Shabani. Usinione hivi. Mita mia mbili, niko njia ya nje kabisa. Mwalimu anaanzisha kwa vibao viwili, pa! Upepo unavuma, mie sijasikia kitu. Nawaona wenzangu ndio hao wameshaondoka. Nkawa wa nne."

"Ungeshinda?"

"Wewe nawe! Ningewaacha mbali hata wasione mgongo wangu!" Akapiga meza, sahani zikaruka. "Basi nataka kila skuli iwe na bastola. Ilie, iwake taa, aliye mwisho naye asikie."

Zamani bastola hizo zilitumia baruti, na kwa baruti usingenipata hata kwa dawa. Siku hizi ziko za umeme: rangi ya chungwa, mdomo umezibwa tangu kiwandani, ukivuta inatoa mlio mkali na mwanga mweupe, basi. Halali kabisa kuuzwa. Kiwanda kilikuwa Jinjiang, jimbo la Fujian, mji wa viatu na vifaa vya michezo. Kontena lilikuwa Sanyuanli, karibu kujaa, linafungwa baada ya siku mbili, mchana. Kampuni za vifurushi zilikuwa zimeshakataa, moja baada ya nyingine. Neno lilikuwa lilelile, *meiyou*, hakuna, haiwezekani, wakitazama picha ya bastola kana kwamba itawalenga.

Tukaenda wenyewe. Mzee Liao kwenye usukani, mimi katikati, Bi Zuhura dirishani na kapu la chapati. Tulilala Jinjiang, na asubuhi tukawa kiwandani mapema. Bosi wa kiwanda, bwana mrefu mwenye miwani, akatuonyesha bastola moja moja, nikakagua midomo yote imezibwa, nikaenda naye ofisini kupiga mihuri ankara na cheti cha kiwanda. Kila bastola imeandikwa. Bi Zuhura alibaki na mzigo, maana jirani na hapo alikuwa amenunua pia glovu za magolikipa, soksi, viatu, filimbi na vikorokoro vingine.

Niliporudi, maboksi ya bastola yalikuwa matupu.

"Bi Zuhura, bastola ziko wapi?"

"Nshazipanga," akasema kwa furaha, anajipangusa jasho. "Ndani ya glovu. Kila glovu na bastola yake. Tumeokoa nafasi, maboksi tunayatupa."

Wadogo zangu, nyote mnaujua mchezo huo. Mzigo ndani ya mzigo. Kikombe ndani ya sufuria, kijiko ndani ya kikombe, na ndani ya kijiko ungeweka kitu kama kingekaa. Nafasi ya kontena ni pesa, na mama zetu hawawezi kuona uwazi wakauacha. Sijawahi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini hebu mwone askari anafungua glovu na kukuta bastola imejikunja ndani yake.

"Zitoke zote," nikasema.

"Utanifundisha kufunga mzigo wewe? Mie nafunga mzigo wewe hujaota ndevu!"

"Mama, hapa si suala la nafasi. Kitu kilichofichwa kina kosa hata kama hakina kosa."

"Nani kaficha? Nimepanga!"

Mzee Liao haelewi Kiswahili, ila aliziona glovu na kuelewa kila kitu. Alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akakaa juu ya tairi akasubiri. Bi Zuhura alipomwona mzee wa watu amekaa hivyo, akarudi kwenye glovu. Akaanza kutoa bastola mwenyewe, moja baada ya nyingine, anaguna. Tukazirudisha kwenye maboksi yake, kwenye plastiki inayoonyesha, tukayapanga mlangoni. Nikalinganisha na ankara. Zikatimia. Tukaondoka.

Mpakani kati ya Fujian na Guangdong kuna kituo cha ukaguzi kwenye barabara kuu. Magari mengine hupita tu. Sisi tulisimamishwa, na nilifurahi, kwa sababu ningependa zaidi kusimamishwa nikiwa tayari kuliko kupita nikiwa naomba Mungu. Nikashuka, mikono mbele, nikaanza kusema kabla ya askari kufungua kinywa.

"Habari ya kazi. Tumebeba vifaa vya michezo vya shule. Kuna bastola za umeme za kuanzishia mbio. Ziko hapo mlangoni kwa nyuma, karatasi zake ziko kwenye dashibodi, betri ziko boksi la bluu. Naomba utazame."

Askari yule, kiongozi wao, mtu wa makamo mwenye macho ya kusinzia, alinitazama kana kwamba nimempunguzia kazi. Akafungua boksi. Akashika bastola moja, akaugonga mtutu wake kwa kucha, akauona mdomo ulivyozibwa. Akasoma cheti. Akahesabu. Kila kitu kikaenda vizuri hivyo, mpaka nikaanza kuona Guangzhou mbele yangu.

Halafu askari kijana aliyekuwa akipitisha mizigo mingine kwenye mashine akaita.

Kwenye skrini kulikuwa na glovu. Ndani ya glovu kulikuwa na bastola.

Nilikuwa nimehesabu! Kiongozi wa askari hakuwa tena na macho ya kusinzia. Akaweka karatasi zangu chini taratibu.

"Ulisema zote ziko mlangoni."

"Ndiyo, zote. Zote zilizoandikwa."

"Na hii haikuandikwa."

Nikamgeukia Bi Zuhura. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Shabani," akanong'ona, "hiyo ni nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Bosi kanipa nyongeza! Umeona wapi mtu ananunua vitu vyote vile hapewi nyongeza? Ulipokuwa unahesabu mie nkaingia ofisini kwake, nkamwambia siondoki bila nyongeza, akanipa. Mie nkaiweka kwenye glovu ya mwisho, ya kwangu mwenyewe. Si ya mteja ile, ya dukani."

Ndiyo maana hesabu yangu ilitimia. Bastola moja ya zawadi, haimo kwenye ankara wala kwenye cheti, imelala ndani ya glovu, na mimi nimeshasema kwa sauti yangu kwamba hakuna nyingine. Kiongozi akatuambia tusogee pembeni. Vani isisogee. Mzigo wote ushushwe. Nikatazama jua. Kontena kesho mchana. Mzee Liao aliwasha sigara, akaisahau mkononi.

Nikaeleza. Nikaeleza neno nyongeza kwa Kichina changu cha sokoni, nikasema zawadi, kipande cha bure, rafiki kampa rafiki. Askari akauliza swali la haki kabisa.

"Kama ni zawadi, kwa nini iko ndani ya glovu?"

Bi Zuhura akanivuta mkono, akauliza askari anasema nini. Nikamtafsiria. Basi yule mama akakunja mikono ya baibui.

"Kwa nini iko ndani ya glovu? Mwambie aje."

Akavuta boksi la viatu, akatoa kiatu, ndani ya kiatu akatoa soksi, ndani ya soksi akatoa filimbi. Akavuta mfuko wa pampu za mipira, ndani ya kila pampu kuna sindano zake, na kati ya pampu na pampu kuna kamba za filimbi zilizoviringishwa. Akapindua koni za mazoezi, ndani yake vijiti vya kupokezana, katikati ya vijiti, saa za kupimia mbio zimefungwa kwa soksi nyingine. Askari wakasogea. Kila alipotoa kitu, kitu kingine kilikuwemo. Akamalizia na kapu lake la safari: chupa ya chai, ndani ya kifuniko chake kikombe, ndani ya kikombe kijiko, na ndani ya kitambaa kilichoziba kikombe, sukari.

"Mwambie," akanigeukia, anahema, "hivi ndivyo ninavyofunga. Hata chai yangu. Nimwage na sukari aone?"

Nikatafsiri. Askari kijana ndiye aliyeanza kucheka, akageukia ukuta. Kiongozi alijizuia kidogo, akashindwa.

"Mama yangu yuko hivyohivyo," akasema. "Mwaka mpya akija kututembelea, ndani ya bata kuna mayai."

Lakini kucheka hakuandiki ankara. Akasema bastola isiyo na karatasi haivuki. Hapo ndipo nilipouona wema wa siku hizi. Zamani tungerudi Jinjiang kutafuta muhuri, na kontena lingeondoka. Nikampigia bosi wa kiwanda kwa video, nikampa askari simu. Bosi alivua miwani, akavaa tena.

"Ni kweli nilimpa," akasema. "Huyo mama alikaa kwenye kiti changu. Alisema haondoki mpaka apewe. Nilimpa bastola, akataka na kalenda. Tafadhali msimrudishe hapa!"

Baada ya muda mfupi cheti kipya kikaingia kwenye simu, bastola ya zawadi imeongezwa, muhuri mwekundu chini. Askari wakakilinganisha, wakapiga picha, wakaandika yao. Jambo moja likabaki. Kiongozi akataka kuiona ikifanya kazi.

Nikaweka betri. Nikamwomba askari mmoja ashike karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa bastola, ili aone hakuna kitu kinachotoka. Nikainua mkono. Bi Zuhura hakuweza kuvumilia.

"Kwenye mstari!" akapaza sauti kwa Kiswahili, mbele ya maaskari wa China. "Tayari!"

Pa! Mwanga mweupe. Karatasi ikabaki nzima, bila hata mkunjo. Na yule askari kijana wa mashine alikuwa ameinama mbele, goti limekunjwa, vidole vinakaribia lami.

"Wewe!" kiongozi wake akamwita. "Ulikuwa mkimbiaji?"

"Mita mia nne," akasema kijana, anajinyoosha kwa haya. "Shuleni."

"Angeshinda huyo," akasema Bi Zuhura. "Mwambie angeshinda."

Nikamwambia. Wakatusaidia kupakia. Kitu ndani ya kitu, Bi Zuhura akisimamia na kumkaripia askari aliyeweka filimbi nje ya soksi, ila bastola, hata ile ya nyongeza, zikabaki mlangoni, kwenye plastiki, zinaonekana. Tulipotoka, Mzee Liao alipiga honi ndefu, na haikuwa kawaida yake kupiga honi.

Kesho yake kontena lilifungwa kabla ya mchana, bastola ndani. Mama yule alibusu lakiri ya mlango kabla lori halijaondoka. Wachukuzi wakamshangaa. Mimi sikumshangaa.

Hiyo ndiyo kazi, wadogo zangu. Nimeifanya kwenye barabara nyingi, na kila nikifika mahali moyo wangu unaanza kukumbuka mahali pengine. Ukinikuta Fujian nakumbuka kwetu Korogwe, ukinikuta Korogwe nakumbuka harufu ya tambi za Sanyuanli asubuhi. Sasa hivi begi langu liko mlangoni na sijaamua niende wapi. Mzee Liao naye ameuza vani, anaishi kwa yule mkwe aliyekuwa akimlalamikia, wanapatana sana. Mkishika nafasi yetu, shikeni na hili: usione haya kueleza mzigo wako. Barabara ina watu wengi kuliko unavyodhani wanaotaka tu kuelewa.

Miezi michache baada ya safari ile, Bi Zuhura alinitumia video kutoka uwanjani. Vumbi, jezi mpya, wazazi wamejaa kwenye nyasi. Wasichana wamejipanga mstarini kwa mbio za mita mia, mwalimu mwembamba ameinua bastola ya rangi ya chungwa.

Pa!

Hakuna aliyekimbia. Wote waligeuka kumtazama mwalimu, midomo wazi, hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Wote isipokuwa mmoja, binti aliyekuwa njia ya tatu, jezi imemzidi ukubwa. Yeye aliondoka. Alikimbia peke yake mpaka mwisho, hajatazama nyuma, akapita mstari akainua mikono, ndipo akageuka akaona yuko peke yake uwanja mzima. Mwalimu akaanza kupiga filimbi kwamba mbio zirudiwe, wazazi wakakataa, na ndani ya video nasikia sauti ninayoijua ikiwazidi wote:

"Ushindi wake! Bastola imelia, nyie mlikuwa mnangoja nini? Ushindi wake huyo!"

Wakabishana sana. Mwishowe binti mwenyewe akarudi mstarini, akawaambia sawa, turudie. Wakarudia. Akashinda tena, safari hii wenzake wakiwa nyuma yake.